Mhesabuji wa Pili

Kwanza nikuambie kazi yangu, ili kama wewe ni mtu wa kichefuchefu ujue mapema, tusije tukasumbuana. Nahesabu minyoo. Si minyoo ya watu, hiyo ina madaktari wake na dawa zake. Mimi nahesabu minyoo iliyomo matumboni mwa shakwe, wale ndege weupe wa baharini wenye makelele na ulafi. Ndege akiokotwa ufukweni amekufa, analetwa kwetu ndani ya mfuko, anatiwa kwenye friza, na zamu yake ikifika tunampasua. Tunautoa utumbo, tunauchana kwa mkasi kutoka mwanzo hadi mwisho, tunauosha juu ya chujio, na kinachobaki kwenye chujio ndicho tunachokihesabu. Wifi yangu hadi leo hali chakula cha mkono wangu mpaka anione nimenawa mara tatu, na hata hapo anatafuna huku ananitazama kucha.

Aliyenitia katika kazi hii ni mjomba wangu, kaka wa mama, tumbo moja. Yeye ndiye aliyeianzisha hesabu ile, akiwa bado kijana mwenye nywele, na mwaka ninaousimulia ilikuwa imefika miaka thelathini na mmoja bila kukatika hata mwezi. Mwezi aliofiwa na mkewe hakuuruka. Alizika Jumanne, Alhamisi yuko kwenye sinki na mkasi mkononi. Watu wakasema hana moyo. Domo halina kazi! Moyo alikuwa nao, ila hakuwa na pengine pa kuupeleka.

Aliniita Mwewe. Nilipokuwa mdogo, sindano ikimponyoka mama sakafuni, naitwa mimi, na sikuwahi kumaliza dakika bila kuiona. Nilipomaliza shule bila jambo la maana la kufanya, mjomba akamwambia mama, "Nipe huyo Mwewe, nina sindano nyingi za kutafuta."

Kazi ilikuwa na kanuni zake. Ya kwanza: hesabu vichwa, mikia itakudanganya. Tegu ni mnyoo mrefu kama utepe, na ndege akishakaa kwenye friza utepe huo unakatikakatika. Mgeni wa kazi anaona vipande arobaini, anaandika arobaini. Mjomba anamwambia, "Umezika maiti mmoja mara arobaini." Kichwa cha tegu ni kimoja tu, kidogo kuliko ncha ya pini, na kuna tegu wengine wadogo kabisa, mwili mzima hawafiki chenga ya mchele. Hao ndio wengi. Bila hadubini na jicho zima hutawaona kamwe.

Ya pili: kila ndege anahesabiwa na watu wawili, bila kusemezana. Wa kwanza anaandika idadi kwenye kikaratasi kwa penseli, anakikunja. Wa pili naye hivyohivyo. Kisha vikaratasi vinafunguliwa pamoja. Vikilingana, idadi inaingia daftarini na mabaki yanamwagwa. Visipolingana, mnaanza upya, hata kama njaa inawauma. Mpaka macho ya pili yaone, mabaki hayamwagwi. Yanakaa kwenye chupa yenye spiriti. "Mtu mmoja akihesabu," mjomba alikuwa akisema, "hayo ni maoni yake."

Na ya tatu ilikuwa kanuni ndogo, ya nadra. Mhesabuji akitiliwa shaka, anapimwa kwa ndege mmoja. Akilingana na mwenzake, hesabu zake zote za nyuma zinakubaliwa. Mimi nilipimwa hivyo mwaka wangu wa kwanza, nikafaulu, mjomba akaninunulia soda. Iweke kichwani kanuni hiyo, maana mimi niliyepimwa nayo niliisahau.

Nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja kazini, mama akapooza upande wa kulia. Mtoto wa kike nilikuwa peke yangu. Nikaomba ruhusa, nikaenda kumuuguza, na ruhusa ya miezi mitatu ikawa miaka mitatu. Ofisini waliahidi kumpa mjomba mtu wa kushika nafasi yangu. Ahadi za ofisi unazijua.

Kuuguza kulinifundisha kitu kimoja ambacho sikukijua: uongo mtamu. Mama aliuliza kila asubuhi, "Mkono umesogea leo?" Na mkono umelala pale juu ya shuka, haujasogea tangu mwaka jana. Namwambia, "Umesogea, mama, nimeuona." Anatabasamu upande mmoja, anakunywa uji. Siku ya kwanza ulinikwama kooni. Mwaka wa pili nilikuwa nautoa bila kufikiri, huku nakunja nguo. Alikufa akiamini mkono unapona, na hilo mimi sijutii. Nakuambia ili ujue nilirudi kazini na mdomo wa aina gani.

Siku niliyorudi ilikuwa Ijumaa. Mjomba alinipokea mlangoni mwa maabara, vifungo vya koti lake jeupe vimefungwa upandeupande, cha juu kwenye tundu la pili.

"Karibu, Mwewe! Umenenepa."

"Nimekonda kilo tisa, mjomba."

"Basi koti lako limekonda zaidi."

Tukacheka, tukakumbatiana, tukalia kidogo kwa ajili ya mama. Nilipofuta macho ndipo nikaziona chupa. Jamani! Rafu zote nne, juu ya friza, chini ya dirisha, mpaka nyuma ya mlango. Chupa za jamu, chupa za kahawa, chupa za dawa ya kikohozi, kila moja na spiriti yake, mabaki meupe yametuama chini, na ndani kikaratasi cha penseli, maana wino hufutika kwenye spiriti. Chupa mia mbili na kumi na nne. Ndege wote wa miaka mitatu.

"Zinakusubiri wewe," mjomba akasema. "Bosi amenipigia kelele kila mwezi, ati spiriti yote hii itachoma jengo. Nikamwambia, mzee mwenzangu, hizi hazimwagiki, mtu wake anakuja."

Akanifungulia daftari. Siku zote ndege wetu walikuwa na wastani wa minyoo sitini kila mmoja, miaka ikipanda kidogo, ikishuka kidogo. Mwaka wa kwanza nilipoondoka, arobaini na nane. Wa pili, ishirini na saba. Wa tatu, kumi na mbili. Na pembeni ya kila mstari ameandika maneno mawili: mtu mmoja.

"Lo! Wanapona!" nikasema.

"Usishangilie." Alikuwa anaongea nami lakini uso ameugeuza kando kidogo, kuelekea sikio langu. "Mbona wanaookotwa ufukweni wamezidi? Ama ndege wanapona, Mwewe, ama mimi ndiye ninayeumwa. Sijui. Tumfungue mmoja leo, wa kukukaribisha."

Hakutaja kupimwa. Laiti angetaja.

Tukamtoa ndege mmoja, shakwe mkubwa, mguu mmoja umefungwa lebo. Mikono ya mjomba ilikuwa ileile: akachana utumbo wote kwa mkupuo mmoja bila kuutoboa, akaosha, akachuja. Akakaa kwenye hadubini karibu saa nzima. Akaandika, akakunja. Zamu yangu ikafika. Nilikuwa na hofu labda nimesahau, lakini jicho halikusahau chochote. Niliwaona mmoja baada ya mwingine, wale wadogo wamejaa kama ukoko chini ya sufuria. Sitini na nne. Nikarudia. Sitini na nne.

"Soma wewe vyote viwili," mjomba akasema. "Miwani yangu imechafuka."

Nikafungua chake. Mwandiko ulikuwa umepanda mlima na kushuka. Kumi na moja.

Kumi na moja! Aliwaona wale tegu wakubwa tu, wanaoonekana hata na mtu aliyesimama mlangoni. Hajapona ndege hata mmoja. Mjomba wangu haoni. Nikamtazama. Ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, koti limefungwa upandeupande, mzee wa watu, dada yake amezikwa juzi. Na mdomo wangu ukafunguka wenyewe, kwa sauti ileile niliyokuwa nikimwambia mama mkono umesogea.

"Kumi na moja," nikasema. "Na mimi kumi na moja."

Kikaratasi changu nikakitia mfukoni mwa koti.

"Una hakika?"

"Nina hakika, mjomba."

"Haki ya Mungu?"

"Ala! Umeanza lini kuniapisha?"

Kisha akaachia pumzi ndefu, akakaa kitini, akaanza kucheka peke yake, akajipangusa macho. Sikuwahi kumwona hivyo tangu harusi ya binti yake. Akasema leo anakwenda nyumbani mapema, na akaenda, anapiga mluzi mpaka getini.

Mimi nilibaki na mpango wangu. Usidhani nilikuwa nimekusudia kuuacha uongo uote mizizi, hapana. Chupa si zipo? Kila asubuhi ningefika kabla yake, nikahesabu chupa tano, nikasahihisha daftari kidogokidogo kwa penseli. Mwezi na nusu ningekuwa nimemaliza, hesabu imenyooka, na mzee hajavunjika moyo. Nililala usingizi mzuri Ijumaa ile. Jumamosi nikafua. Jumapili nikaenda kwa wifi nikala vizuri. Nilijiona mjanja kweli. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa na urefu wa siku mbili.

Jumatatu nilifika alfajiri, saa kumi na mbili kamili, kabla ya mlinzi kubadilishana zamu. Mlango ulikuwa wazi. Harufu ya spiriti ilinipiga nikiwa bado ukumbini.

Chupa zilikuwa zimeoshwa. Zote. Zimepangwa kichwa chini juu ya magazeti, sakafuni, mezani, dirishani, kwenye viti, zinang'aa, safi kama za dukani. Mjomba alikuwa kwenye sinki amekunja mikono ya shati, anasugua ya mwisho.

"Umeniwahi!" akasema kwa furaha. "Nilitaka uzikute zimeshapangwa. Nimekuja Jumamosi, nimekuja jana, mgongo umekatika. Mia mbili na kumi na nne, Mwewe! Bosi leo atatuletea maua."

"Umemwaga?"

"Sasa nisimwage kwa nini? Si tumepima? Ndege mmoja, watu wawili, kumi na moja kwa kumi na moja. Kanuni ni kanuni."

Nikakalia ndoo iliyopinduliwa pale karibu na friza, na yeye akadhani nimechoka kwa kuamka alfajiri, akaenda kuchemsha chai. Maji yakimwagika hayazoleki. Nimeusikia msemo huo tangu utotoni, sikujua kama kuna siku nitakaa kwenye ndoo nikitazama tundu la sinki.

Akaniletea kikombe, akaketi mbele yangu, na akaanza kunieleza yaliyomsibu, kwa sababu sasa aliamini yamepita. Alikwenda kwa daktari wa macho mwaka uliopita. Akaambiwa katikati ya jicho kunakufa, pembeni patabaki. "Na kweli, Mwewe, nikikutazama usoni naona masikio yako tu. Mazuri, lakini ni masikio. Nikajifunza kuitazama hadubini kwa upande. Nikawa sijui: naona au naota? Miaka miwili nimelala na swali hilo. Nilishaandika barua ya kuacha kazi, ipo kwenye droo. Nilisema, Mwewe akirudi atanipima, tukitofautiana, namwachia chupa zote azihesabu yeye na mtu mwingine, mimi naondoka na aibu yangu, lakini hesabu itakuwa salama. Hilo ndilo nililotaka. Hesabu iwe salama." Akanywa chai. "Ijumaa umeniondolea mzigo ambao hata mke wangu, angekuwa hai, asingeuweza."

Nikashindwa kuinua kikombe.

"Mbona hunywi?"

"Ya moto."

"Basi ikipoa utanikuta kazini." Akasimama, akatoa ndege mwingine.

Ningefanya nini? Niambie wewe. Alipokuwa anaosha na kuchuja nilikuwa nawaza: sema nane, sema kumi, sema chochote atakachosema yeye. Hakuna atakayejua. Chupa zenyewe sasa zinasubiri jamu. Lakini kwenye friza kulikuwa na mifuko tisa ya wiki moja, na zamani kwa wiki tulipata mmoja. Shakwe wanakufa, na watu wakija kuuliza kama ni minyoo, daftari letu litawajibu minyoo imekwisha. Litawajibu hivyo kwa saini ya watu wawili.

Akahesabu, akaandika, akakunja. Nikahesabu mimi, machozi yananichafulia lenzi, naifuta, naanza upya. Sabini na moja.

"Soma," akasema.

"Nane," nikasoma yake.

"Na yako?"

"Sabini na moja, mjomba."

Akacheka. "Acha utani wako wa asubuhi."

"Sitanii."

"Wale wadogo... umewaona wadogo?"

"Karibu wote ni wadogo."

"Basi leo macho yamechoka, nimeosha chupa siku mbili. Maana Ijumaa..."

Nikatia mkono mfukoni mwa koti la kazi. Kikaratasi kilikuwa bado mle, kimejikunja pamoja na leso. Nikamwekea kiganjani. Akakifungua, akakisogeza karibu na shavu, akageuza kichwa upande, akakisoma kwa pembe ya jicho kwa muda mrefu, tarakimu moja, kisha ya pili.

"Sitini na nne," akasema. "Ijumaa."

"Nisamehe, mjomba. Nilikuonea huruma."

Alinyoosha mkono mezani, ukagonga chupa, akaishika, akaingiza kidole ndani kama anayetafuta kitu kilichobaki. Kidole kikatoka kikavu. Alizisugua vizuri mno.

"Mama yako naye ulimwambia hivihivi?"

"Ndiyo."

"Mama yako alikuwa anakufa," akasema taratibu. "Mimi nilikuwa kazini. Sikukuomba huruma, mtoto wewe. Nilikuomba macho."

Bora angenizaba kofi. Nililia kwa sauti, kilio cha msibani, mpaka mlinzi akaja kuchungulia na mjomba akamwashiria aondoke. Hakunibembeleza. Alingoja nimalize, kama anavyongoja chujio lichuje.

"Lete daftari."

Nikalileta. Akaniambia nirudi mpaka ukurasa wa kwanza wa ile miaka mitatu, nichukue kalamu ya wino, nipige mstari. Nikapiga ukurasa kwa ukurasa, rula inateleza kwa jasho la mkono. Yeye alisikiliza kalamu.

"Andika juu: haijulikani."

"Mjomba, tunaweza kukadiria. Tukichukua miaka ya nyuma, na hawa wa sasa..."

"Haijulikani."

Nikaandika. Miaka thelathini na mmoja, na mitatu ya mwisho imekuwa neno moja.

"Chini yake andika sababu. Mhesabuji wa kwanza alikuwa haoni, naye alijua ana maradhi."

Nikaandika hayo, neno kwa neno. Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Alikuwa ameanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, kwa kupapasa.

"Hayo tu?" nikauliza.

"Hayo tu."

Nikaelewa. Alikuwa ananifichia. Baada ya yote yale, mzee alikuwa ananionea huruma. Nikaishika kalamu sawasawa nikaandika mstari mwingine, naye akasikia, akasimamisha mikono.

"Umeongeza nini?"

Nikamsomea. "Mhesabuji wa pili aliona, akasema uongo."

Alilivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya friza, juu yake akaweka mkasi wake. Nilikuwa namngoja aniite, kwa jina langu la kuzaliwa au kwa Mwewe.

"Weka tarehe," akasema.

Nikaweka tarehe.